Nyumba imepata asilimia 74, ila ukuta wa chumbani una ufa: je, tunaweza kujitoa?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Mwezi wa nane mimi na mume wangu tulipatana kununua nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa mji, upande wa bondeni, kwa shilingi milioni 85. Tulitoa kishika uchumba cha milioni 20 na kusaini karatasi moja mbele ya dalali na mashahidi wawili. Inasema salio lilipwe kufikia tarehe 30 Oktoba, na "mnunuzi akighairi, fedha alizotoa hazitarudi". Mkaguzi tulimwita baada ya hapo. Ripoti yake ina kurasa 11 na kasoro 31, lakini mwishoni ameandika hali ya nyumba ni nzuri, asilimia 74. Mume wangu anasema 74 ni B, tumalizie. Mimi kuna ufa wa chumbani unaoninyima usingizi. Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema kule ripoti ya mkaguzi inatosha mtu kujitoa na kurudishiwa hela yake. Na sisi tunaweza?

Jibu: Marahaba mwalimu. Ripoti peke yake haikupi haki ya kujitoa. Haki hiyo hutoka kwenye mkataba, na karatasi mliyosaini inasema kinyume kabisa. Lakini ripoti uliyonitumia ina picha moja, ukurasa wa 6, inayoweza kubadilisha mambo, na nitatumia muda mwingi hapo.

Kwanza tumalizane na shemeji. Hajakudanganya, amekusimulia nusu. Kule Marekani mikataba mingi ya nyumba huwa na kipengele cha ukaguzi: mnunuzi anapewa siku kadhaa, mara nyingi kati ya 7 na 10, alete mkaguzi wake, na asiporidhika ajitoe ndani ya siku hizo na kurudishiwa amana. Siku zikipita, naye anaweza kuipoteza kama wewe. Tena amana kule kwa kawaida hushikwa na mtu wa tatu, siyo muuzaji. Huku kwetu milioni 20 yako ilihesabiwa mezani mchana, na sitashangaa kama jioni ilikuwa imeshageuka tofali na nondo kwenye kiwanja kingine. Tofauti ni hiyo. Kipengele kama hicho na sisi tunaweza kukiandika, hakuna sheria inayokataza, ila dalali hatakukumbusha.

Sasa hiyo 74. Mwalimu, wewe unajua kusahihisha kuliko mimi, kwa hiyo utanielewa haraka. Mkaguzi wako amefanya kama anayejumlisha alama za somo zima: bomba la jikoni limepata, dari imepata, geti limepata, msingi umefeli, wastani B. Nyumba haina wastani. Inaweza kupata mia kwenye vitu thelathini na ikakushinda kwa kimoja. Mume wako hakukosea kusoma namba, mkaguzi ndiye amekosea kuiandika. Binafsi ripoti ikiniletea asilimia huwa naifunika kwa kidole na kwenda kwenye picha.

Kati ya kasoro zako 31, nimehesabu 26 ambazo ni za fundi na wiki mbili: koki zinazovuja, vitasa, vigae viwili vinavyolia ukivigonga, bati lenye kutu karibu na bomba la sola. Soketi zisizo na waya wa kwenda ardhini ni hatari kwa watoto, zirekebishwe kabla hamjahamia, lakini haziui dili. Chumvi inayopanda ukutani sebuleni inachukiza macho, na Dodoma imejaa nyumba za namna hiyo kwa sababu ya maji ya visima yenye chumvi na misingi iliyopandishwa bila nailoni chini ya tofali. Mchwa kwenye kenchi mbili: panda mwenyewe darini na bisibisi, choma mbao. Ikiingia kama kwenye mkate, kenchi inabadilishwa, na hesabu yake inajulikana.

Shimo la maji taka kuwa nje ya mpaka limekutisha, naona umelipigia mstari mara mbili. Nendeni na mpima kwenye bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, mlinganishe na ramani ya upimaji iliyoko Jiji. Kama kweli limeingia barabarani, litafukiwa na kuchimbwa jingine ndani ya kiwanja. Hiyo ni pesa, na pesa inaondolewa kwenye bei. Kilichotoka nje ya mpaka kingekuwa chumba, ningekuambia mengine.

Unabaki ufa.

Nieleze ninachokiona kwenye picha. Ni chumba cha kona, upande wa mashariki. Ufa umeanzia kwenye pembe ya juu ya dirisha, ukapanda kwa mshazari kama ngazi kufuata viungo vya tofali, hadi karibu na lenta. Mkaguzi ameupima milimita 6 juu na 2 chini. Mlango wa chumba hichohicho, kasoro namba 19, "unakwama juu". Na hakuna mifereji ya maji kwenye paa upande huo, namba 27. Yeye ameviandika vitu vitatu kurasa tofauti kana kwamba havijuani. Ni kitu kimoja. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini, pamoja na mlango unaobana, maana yake kona ya nyumba inashuka na kuachana na mwenzake.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, chukua kadi ya benki. Unene wake ni kama milimita 0.8. Ufa ambao kadi haipiti mara nyingi ni wa lipu tu, piga rangi uendelee na maisha. Wahandisi huanza kuwa na wasiwasi wa kweli ufa ukivuka milimita 5, kwa sababu kati ya 5 na 15 ndipo milango hukwama na mabomba ya chini ya sakafu huanza kupasuka. Wako uko hapo mlangoni.

Kwa nini kona ishuke? Umesema bondeni. Mabonde mengi ya Dodoma yana udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi au wa kijivu ambao kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono, na masika unabeba kiatu chako. Madini yake hunyonya maji na kutanuka, yakikauka hunywea. Mvua zetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo kila mwaka udongo unaozunguka nyumba hunyanyuka mara moja na kushuka mara moja, huku ule wa katikati, chini ya jamvi (zege la sakafu), ukibaki karibu vilevile. Kona ndizo zinazochezeshwa. Paa lisilo na mifereji likimwaga maji chini ya ukuta, unakuwa umeweka jeki chini ya kona hiyo.

Kuna kosa langu mwenyewe nyuma ya ukali huu. Miaka mingi iliyopita nilikagua nyumba mwezi Septemba, kama wewe, nikaandika "nyufa ndogo, hazina madhara". Sikuchimba. Mwezi Februari mnunuzi alinipigia simu usiku: mlango wa chumba cha watoto haufunguki, na watoto wako ndani. Walitolewa dirishani baada ya kukata nondo. Tangu siku hiyo sisaini ripoti ya nyumba ya bondeni bila kuchimba shimo kando ya msingi.

Na ninyi chimbeni. Hamhitaji mtambo, mnahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, kijana mwenye sururu na nusu siku. Shimo liwe kwenye kona yenye ufa, kwa nje, lishuke mpaka chini ya zege la msingi. Mkifika hapo angalieni mambo mawili. Msingi umeshuka kiasi gani, na umekalia nini? Chukua udongo wa chini kabisa, uloweshe kidogo, uviringishe viganjani. Ukitengeneza kamba nyembamba kama uzi wa kiatu bila kukatika, ni mfinyanzi. Halafu fanya jaribio ambalo hata darasani kwako lingefaa: kausha udongo, usage, uweke kwenye chupa ya maji ya nusu lita hadi robo, piga alama ya kalamu, ongeza maji polepole, utikise, uache hadi kesho. Ukikuta umetulia karibu mara mbili ya alama, huo ndio unaosukuma ukuta wenu. Maabara itakupa namba safi zaidi, lakini chupa inatosha kujua kama muende maabara.

Pengine mtakuta udongo mwekundu mgumu na msingi uliokaa vizuri. Hapo nitageuka upande wa mume wako: ufa utakuwa wa zamani, wa lenta iliyokosa nondo au tofali mbovu, na nyumba inanunulika kwa bei iliyopunguzwa. Hata mtetemeko unaweza kuacha alama kama hiyo, maana tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapita huku kwetu. Lakini mkikuta mbuga, jueni kwamba kuokoa msingi ni kuchimba chini yake kipande kwa kipande na kujaza zege huku nyumba imesimama. Fundi atakayekutajia bei ya kazi hiyo kabla hajachimba anabahatisha.

Sasa turudi ukurasa wa 6, maana nilisema kuna picha. Angalia pembeni mwa ufa. Mkaguzi alikwangua rangi kwa ufunguo, na ndani kuna unga mweupe, safi, usio na hata vumbi. Hiyo ni puti mpya. Upande wa nje, picha ya chini, kuna mkanda wa saruji wa rangi tofauti unaofuata mshazari uleule. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Muuzaji wenu ameziba, na ukuta utajengwa palepale, isipokuwa alitaka ujengwe kwa hela yenu.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Mimi si wakili, ila nimeitwa kutoa ushahidi kwenye kesi za namna hii vya kutosha kujua milango iko wapi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo ambalo mtu analijua kuwa ni udanganyifu. Kunyamaza tu mara nyingi si kosa, muuzaji halazimiki kukutembeza kwenye kila ubovu. Kuziba ufa na kuupaka rangi ili usionekane ni jambo jingine. Na kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa uchaguzi: kuubatilisha mkataba, au kuushikilia na kudai awekwe mahali ambapo angekuwa kama aliyoambiwa yangekuwa kweli.

Wakili wa muuzaji atajibu kwamba mngeweza kukagua kabla ya kusaini, na kifungu hichohicho cha 19 kina mstari unaombeba kiasi: palipo na maelezo yasiyo ya kweli au ukimya wa hila, aliyeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida hawezi kulalamika. Ndiyo maana puti ni muhimu kuliko ufa wenyewe. Ufa ulio wazi mngeuona. Huu ulifichwa ili msiuone.

Mliwahi kumuuliza kama nyumba ina tatizo? Wengi huuliza, na wengi hujibiwa "haina shida yoyote, mimi mwenyewe nimeishi humu". Kama alijibu kwa sauti ya WhatsApp, usiifute na usibadilishe simu. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilishamaliza ubishi huo.

Na kile kipengele cha "hazitarudi" hakina meno yote kinayoonyesha. Kifungu cha 74 cha Sheria hiyo ya Mikataba kinasema hata pale watu walipojitajia kiasi cha fidia, anayevunjiwa mkataba anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Muuzaji ambaye hajapoteza chochote, na nyumba bado anayo, atakuwa na kazi ya kueleza kwa nini milioni 20 nzima ni fidia ya haki.

Fanyeni hivi, wiki hii. Kwanza, usitamke neno "nimeghairi", wala kwa dalali, wala kwa simu, wala kwa utani. Karatasi yenu inasubiri neno hilo. Andikeni barua fupi kwa muuzaji, nakala kwa mashahidi wote wawili: tumepata ripoti, kuna ufa uliozibwa, tunasitisha malipo ya salio mpaka msingi uchunguzwe, tunaomba ruhusa ya kuchimba tarehe fulani. Asaini kupokea. Akikataa kuruhusu shimo, barua hiyo imeshafanya kazi yake.

Pili, msimwongezee hata shilingi. Mnunuzi anayelipa tena baada ya kujua kasoro anaonekana ameikubali nyumba na ubovu wake, na mlango wa kubatilisha unafungwa. Ndiyo sababu hiyo tarehe 30 isipite kimya.

Tatu, mtafuteni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mumwombe namba yake ya usajili bila aibu, aandike ukurasa mmoja tu: ufa, mlango, maji ya paa, shimo, udongo, na kwa maoni yake ufa ulizibwa lini. Kurasa 11 za koki na vitasa zitamchosha hakimu.

Nne, wakili, na aanze na mambo ambayo ripoti ya jengo haiyagusi. Upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina lililoko ni la huyu aliyewauzia? Hati ni ipi? Nyumba za zamani za mji huu zilikuwa na hati za miaka 33 za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na baada ya mamlaka hiyo kuvunjwa Mei 2017 wenyewe walitakiwa kupata hati za miaka 99. Wapo ambao mpaka leo makaratasi yao yako kwenye bahasha ya zamani. Na mke wake alisaini? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine. Nimeona watu wakihangaika na nyufa mwaka mzima, kumbe mauziano yenyewe yalikuwa hayajasimama tangu siku ya kwanza kwa kukosa sahihi hiyo.

Mkishakuwa na shimo na barua ya mhandisi, kaeni na muuzaji kabla ya kwenda popote. Muuzaji wa kawaida wa Dodoma hana milioni 20 ya kukurudishia kesho, kwa hiyo mwambieni mko tayari kupokea kwa awamu, kwa maandishi, mbele ya wakili, au arudishe akishapata mnunuzi mwingine, kwa tarehe ya mwisho inayotajwa. Atakataa mara ya kwanza. Akikataa ya pili, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo. Na kama mtachoka njiani na mkaamua kumwachia milioni tatu au nne ili mrudishiwe nyingine, sitawacheka. Kitakachonisikitisha ni mkilipa 65 kwa sababu ya uchungu wa 20.

Kama mtanunua nyumba nyingine, hii au ya mwakani, pelekeni maneno haya kwa wakili ayanyooshe: "Mnunuzi atakuwa na siku 14 tangu kusaini kukagua nyumba, pamoja na kuchimba kando ya msingi. Akikuta kasoro ya msingi, kuta, paa au mipaka, anaweza kujitoa kwa barua, na fedha zote alizotoa zitarudishwa ndani ya siku 7. Mpaka hapo fedha zitashikwa na wakili." Muuzaji mwenye nyumba nzima husaini bila kuhema. Na mkiweza kuchagua, kagueni Januari au Februari mvua inaponyesha. Nyumba za Dodoma zote ni nzuri mwezi wa nane.

Umeuliza pia, kwenye ujumbe wa pili, kama dalali arudishe kamisheni aliyokata kwenye ile milioni 20. Ninyi dai lenu ni milioni 20 kamili kwa aliyezipokea, yaani muuzaji. Alichomgawia dalali wataelewana wenyewe. Mfungulie dalali madai ya peke yake pale tu mnapoweza kuonyesha kwamba naye alijua kuhusu puti, na kwa hilo muulizeni fundi aliyepaka rangi. Mafundi hawa hukumbuka aliyewaita, na mara nyingi aliyewalipa.